Umeweka pistoni kubwa, sasa pikipiki inatetemeka: tafuta chanzo kabla ya kupasua injini

Injini ya CG 125, ambayo Honda iliitoa mwaka 1976 na viwanda vya Kichina vimeiiga kwa majina mengi, ina pistoni yenye kipenyo cha milimita 56.5 na stroki (umbali ambao pistoni inapanda na kushuka) ya milimita 49.5. Ukiifungia bloku na pistoni ya milimita 62 huku krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikibaki ileile, unatoka cc 124 unafika cc 149. Waendesha bodaboda wanaipenda kazi hii kwa sababu inalipa: pikipiki inavuta mzigo, mlima haiushindwi, na gharama ni ndogo kuliko kununua injini nyingine. Tatizo ni kwamba wengi hurudi kwa fundi baada ya siku chache na malalamiko yaleyale. Mikono inakufa ganzi, kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, nati zinadondoka njiani.

Fundi akisikia "inatetemeka" husema balansi imepotea. Kisha ama anapasua injini yote, ama anamwambia mwenye chombo azoee. Yote mawili hayamsaidii mtu. Mtetemo una tabia zake: unakuja lini, unasikika wapi, unaondoka ukifanya nini. Ukizifuata tabia hizo, mara nyingi utajua chanzo kabla hujashika spana.

Balansi inapoteaje

Tazama krenki ikiwa nje ya injini. Upande wa pili wa pini ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), vile visahani viwili vina unene au uzito uliozidi. Uzito huo una kazi mbili. Kwanza unalingana na vitu vyote vinavyozunguka pamoja na pini: pini yenyewe, beringi yake na kichwa kikubwa cha konrodi. Hivyo vinaweza kusawazishwa kabisa. Pili unabeba sehemu tu ya vitu vinavyopanda na kushuka: pistoni, ringi, pini ya pistoni, vibanio vyake na kichwa kidogo cha konrodi.

Kwa nini sehemu tu? Kwa sababu pistoni inakwenda juu na chini, wakati uzito wa krenki unazunguka pande zote. Ukiweka uzito unaolingana na pistoni nzima, mtetemo wa juu na chini utaisha, lakini nguvu ileile itahamia mbele na nyuma. Kwenye injini ya silinda moja isiyo na shafti ya balansi (shafti ya pili yenye uzito wa kupinga mtetemo), hakuna krenki inayomaliza mtetemo. Mtengenezaji anachagua kiasi cha kati, mara nyingi karibu na nusu, kulingana na mlalo wa silinda na namna fremu inavyoshika injini. Hapa nitakiita asilimia ya balansi.

Sasa weka pistoni ya milimita 62. Kama ina umbo lilelile na imekua pande zote kwa uwiano mmoja, uzito wake umeongezeka kwa karibu asilimia 32. Kama kimo na unene havikubadilika, ni karibu asilimia 20. Krenki bado ina uzito uliopangiwa pistoni ya zamani, kwa hiyo asilimia ya balansi imeshuka na mtetemo wa juu na chini umepanda.

Usidharau gramu. Kwa stroki hii ya milimita 49.5, kila gramu 10 zilizoongezeka kwenye pistoni zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 10 injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwenye mizunguko 8,000 zinafika karibu kilo 18. Nguvu hii inakua kwa mraba wa mizunguko, na ndiyo maana pikipiki inaweza kuwa tulivu mjini kisha ikawa haivumiliki barabara kuu.

Majaribio mawili kabla ya kufungua chochote

La kwanza, ukiwa barabarani salama, fika mwendo ambao mtetemo unasikika, kisha bana klachi na uachie mafuta. Mtetemo ukibaki wakati injini imeshuka mizunguko, chanzo ni tairi, rimu, mnyororo au beringi za gurudumu. Injini haihusiki. Ukitoweka papo hapo, endelea na jaribio la pili.

La pili, simamisha pikipiki, weka nyutro, panda mafuta polepole. Mtetemo ukitokea kwenye mizunguko ileile kama barabarani, unahusu vitu vinavyozunguka au bolti zinazoshika injini. Usipotokea kabisa, lakini unakuja ukiwa na mzigo tu, angalia uchomaji wa mafuta, klachi na mnyororo kwanza. Balansi mbovu haijali kama umebeba mtu au uko peke yako. Inafuata mizunguko tu.

Inatetemeka tangu inapowashwa, hata kwenye mizunguko ya chini

Hii kwa kawaida haisababishwi na uzito wa pistoni. Kwenye mizunguko 1,500 nguvu ya gramu zilizoongezeka ni sehemu ya 16 tu ya ile ya mizunguko 6,000. Tafuta kwingine.

Anza na bolti za injini kwenye fremu. Wakati wa kubadilisha bloku, mafundi wengi hulegeza bolti ya juu karibu na hedi ili wapate nafasi, kisha hukaza zote kabla injini haijakaa mahali pake. Legeza zote, tikisa injini ikae yenyewe, kisha kaza. Kama tundu la bolti limepanuka na kuwa yai, kukaza hakutasaidia. Weka bushi au bolti inayojaza tundu.

Kisha angalia kama injini inakata moto. Plagi, kabureta isiyolingana na cc mpya, au valvu zilizobanwa mno zitafanya injini ipige mara moja, iache, ipige tena. Mwendeshaji ataita mtetemo, na kweli ni mtetemo, lakini dawa yake iko kwenye geji ya valvu na jeti ya kabureta.

Kama injini yako ina shafti ya balansi (baadhi ya injini za aina hii za cc 150 na 200 zinayo), na ilifunguliwa hadi ndani, hakikisha alama ya gia ya krenki inatazamana na alama ya gia ya shafti hiyo. Jino moja tu likiruka, shafti iliyowekwa kupunguza mtetemo itauongeza.

La mwisho katika kundi hili ndilo baya zaidi: krenki iliyopinda. Krenki hizi zimeundwa kwa visahani viwili vilivyobanwa kwa presi kwenye pini moja. Mtu akitoa magneti kwa kupiga nyundo badala ya kutumia pula, visahani vinajipinda kwenye pini. Jicho halioni. Shafti zake mbili hazitakuwa tena kwenye mstari mmoja, na injini itatetemeka, itakula beringi, pengine itavujisha oili kwenye sili. Weka krenki kati ya senta mbili za mashine ya kukerezea, gusisha dayo geji (kipimo chenye mshale kama saa) kwenye kila upande, izungushe polepole. Ukiona zaidi ya takriban milimita 0.05, mpelekee mtu mwenye presi aifanyie mstari. Kwa injini nyingi ndogo, 0.10 tayari ni kikomo.

Iko sawa chini, inaanza mizunguko ikipanda, na hakuna bolti iliyolegea

Sasa ndiyo tuko kwenye balansi. Kwenye CG silinda imesimama karibu wima, hivyo pistoni nzito huleta mtetemo wa juu na chini unaosikika zaidi kwenye sehemu za kukanyaga, kiti na tanki. Mtetemo unaotawala kwenye usukani, wa mbele na nyuma, mara nyingi unaelekea upande wa pili: pistoni iliyowekwa ni nyepesi kuliko ya zamani, au mtu aliongeza uzito kwenye krenki. Usiichukue kama sheria kamili, kwa sababu fremu nayo ina tabia yake na inaweza kuhamisha mtetemo. Ichukue kama dalili ya kukuelekeza kwenye mizani.

Mizani ya kielektroniki ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha kabisa. Pima seti nzima ya zamani: pistoni, ringi zote, pini, vibanio viwili. Pima seti mpya. Kama ulitupa pistoni ya zamani, tafuta nyingine ya aina ileile hata kama imekwaruzika, uzito wake bado utakupa jibu. Tofauti ikiwa gramu tano au kumi, achana na krenki, rudi kwenye bolti. Ikiwa gramu 25 au 30, umempata mtuhumiwa.

Soma pia namba iliyogongwa kwenye kreki kesi (ganda la chini la injini linalobeba krenki). Kwenye injini za Kichina, 156FMI au 157FMI ni ya silinda moja yenye pistoni ya 56.5, daraja la cc 125. 162FMJ ni ya pistoni ya 62, cc 150. Kama injini yako imegongwa 162FMJ, krenki yake ilikusudiwa pistoni ya 62 tangu mwanzo, na mtetemo una chanzo kingine. Lakini injini za mitumba hubadilishwa vitu vya ndani, kwa hiyo namba ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Ukitaka kujua asilimia ya balansi yenyewe, krenki lazima itoke. Kazi hii ni rahisi kuliko inavyosikika. Laza konrodi iwe mlalo, kichwa kikubwa kikiwa kimeshikiliwa na pini, kichwa kidogo kikiwa juu ya mizani. Andika uzito wa kichwa kidogo. Kisha tandika vyuma viwili vilivyonyooka, vyenye kingo nyembamba, vikiwa sawa kabisa kwa pima maji, na ulaze shafti za krenki juu yake ili izunguke kwa uhuru. Ning'iniza uzito kwenye kichwa kidogo cha konrodi, ukiongeza nati na pete zake bapa (washa) kidogo kidogo ndani ya kifuko, mpaka krenki ikae popote unapoiacha bila kujigeuza.

Hesabu iko hivi. Chukua uzito ulioning'iniza, jumlisha kichwa kidogo, gawanya kwa jumla ya kichwa kidogo na seti ya pistoni. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia tu, kichwa kidogo ni gramu 60, seti ya zamani gramu 140, na krenki ilitulia kwa gramu 40. Hapo 60 na 40 ni 100, gawanya kwa 200, ni asilimia 50. Weka seti mpya ya gramu 170: ni 100 gawanya kwa 230, umeshuka hadi karibu asilimia 43.

Kurudi 50 unahitaji 115, yaani gramu 15 zaidi kwenye umbali wa pini. Kwa kuwa kuongeza chuma upande wa uzito ni shida, wakerezaji hupunguza chuma upande wa pini. Ukitoboa kwenye umbali wa milimita 40 kutoka katikati, ukipima umbali huo kwenye mstari wa pini, gramu 9.3 zinatosha. Hiyo ni zaidi kidogo ya sentimita moja ya ujazo ya chuma. Igawe sawasawa kati ya visahani viwili, na katika kila kisahani matundu yawe kulia na kushoto ya pini kwa ulinganifu. Usikaribie tundu la pini. Chuma kinachoibana pini kwa presi kikipungua, pini italegea safari ya kwanza ndefu. Ziba beringi ya konrodi kwa kitambaa na grisi kabla ya kutoboa, kisha osha kwa petroli mpaka kitambaa cheupe kitoke safi.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika mfano huu, kabla ya kubadilisha, gramu 100 za pistoni zilikuwa hazina kitu cha kuzipinga juu na chini. Baada ya pistoni mpya ni 130. Baada ya kutoboa ni 115 juu na chini, lakini sasa ni 115 pia mbele na nyuma, ambako zamani ilikuwa 100. Kutoboa kumegawa tu mzigo mpya pande mbili. Kitu pekee kinachouondoa kabisa ni pistoni nyepesi. Kwa hiyo, kama bado hujanunua, nenda dukani na mizani. Pistoni mbili za milimita 62 kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana uzito kuliko unavyotarajia, na pini ya pistoni yenye ukuta mwembamba au fupi kidogo inaokoa gramu bila kugusa krenki. Mimi ningelipa zaidi kwa pistoni nyepesi yenye ubora kuliko kulipa kutobolewa krenki.

Nimeona watu wakikata sketi ya pistoni kwa msumeno ili ipungue uzito. Usifanye hivyo kwenye pikipiki ya kazi. Sketi ndiyo inayoiongoza pistoni isiyumbe. Ukiikata ovyo, pistoni itapiga ukuta wa silinda na ufa utaanzia mahali palipokatwa.

Inagonga, siyo kutetemeka tu

Tenganisha milio. Mlio hafifu wa kugonga wakati injini ni baridi, unaopungua ikipata moto, ni pistoni inayoyumba: nafasi kati yake na silinda ni kubwa. Kwa pistoni za kutupwa za injini ndogo zinazopozwa na upepo, nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.05 ni ya kawaida, lakini karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ndiyo iamue. Pima silinda juu, katikati na chini, pande mbili. Fundi mchongaji asiyekuuliza pistoni yenyewe kabla ya kuchonga bloku anabahatisha. Angalia pia alama ya "IN" juu ya pistoni: kwenye CG inatazama nyuma, kwenye kabureta. Ikigeuzwa, vibonde vya valvu juu ya pistoni havitakuwa mahali pake.

Mlio wa kokoto ndani ya kopo ukipanda mlima, unaotoweka ukipunguza mafuta, ni mafuta kulipuka vibaya kwa sababu mgandamizo umepanda. Hapa ndipo kazi nyingi za pistoni ya 62 zinaharibikia. Kama injini ya cc 124 ilikuwa na mgandamizo wa 9 kwa 1, chumba cha moto kina karibu cc 15.5. Pistoni ya 62 yenye kichwa bapa, kwenye hedi ileile, itafika karibu 10.6 kwa 1. Kwa injini inayopozwa na upepo, yenye mzigo, kwenye jua la mchana, hiyo ni kubwa. Tumia hedi ya 150, pistoni yenye bonde, au gasketi nene zaidi, na usiache kabureta ikiwa na jeti ndogo ya 125: mchanganyiko mkavu unaongeza joto na kuharakisha tatizo. Ukiuachia mlio huu, injini itanoki.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaofuata mizunguko, na unaosikika hata mafuta yakipunguzwa ghafla, ni kichwa kikubwa cha konrodi. Shika konrodi uivute juu na chini, isicheze hata kidogo. Kucheza upande kwa upande kunaruhusiwa kwa kiasi. Pistoni nzito kwenye beringi iliyokwisha kuchoka humalizia kazi haraka. Binafsi nisingeweka bloku ya 62 kwenye krenki yenye kilomita nyingi bila kubadilisha konrodi na beringi yake.

Ilikuwa laini, baada ya wiki kadhaa ikaanza

Uzito wa pistoni haubadiliki ukiwa barabarani, kwa hiyo kitu kimelegea au kimeliwa. Swali la kwanza: mdomo wa kreki kesi ulipanuliwa ili sleevu kubwa (bomba la ndani la silinda) iingie? Kama ulipanuliwa bila kupasua kesi, vumbi la aluminiamu lilidondoka ndani, na oili imelizungusha hadi kwenye beringi za krenki. Mwaga oili kwenye chombo cheupe uiangalie juani. Ukiona kung'aa, fungua injini yote, kwa sababu kubadilisha oili peke yake hakuondoi kilichokwisha kujipachika kwenye beringi.

Kama oili ni safi, angalia nati ya magneti na kii yake, bolti za injini, na kona za fremu chini ya tanki na karibu na sehemu za kukanyaga. Ufa kwenye rangi mara nyingi ni ufa kwenye chuma. Balbu zinazoungua mara kwa mara na waya zinazokatika kwenye ncha ni mtetemo uleule ukitafuta pa kutokea.

Balansi haiwezi kurekebishwa sasa, na mwenye chombo anahitaji kazi kesho

Hali hii ni ya kawaida, na kuna njia ya kupunguza makali bila kugusa krenki. Injini ya cc 149 ina nguvu zaidi chini, hivyo haihitaji kukimbia mizunguko mingi kufika mwendo uleule. Kama sproketi ya mbele (gia ndogo inayovuta mnyororo) ina meno 15, weka ya meno 16, baada ya kuhakikisha mnyororo haugusi kesi. Kwenye mwendo uleule mizunguko itashuka kwa karibu asilimia 6, na nguvu ya mtetemo kwa karibu asilimia 12. Mara nyingi hiyo inatosha kushusha injini chini ya ile sehemu ambapo fremu huitikia. Mpe mwendeshaji wiki moja, kisha mwambie ataje ni mwendo gani mtetemo unaanza sasa. Kama umesogea juu ya mwendo wake wa kila siku, krenki inaweza kusubiri mpaka injini itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Kama haukusogea, jumlisha gharama ya presi na ya kutoboa, uzilinganishe na pistoni nyepesi, naye achague.